Kuvuka Manyovu na Watoto Watatu na Bibi Yao

Mtu akisikia umesafiri na watoto nje ya nchi, mawazo yake yanakwenda Dubai au Ulaya, na papo hapo anaona hayo si mambo ya watu kama sisi. Lakini sisi wa Kigoma nje ya nchi tunayo mlangoni. Ukiifuata lami ya kutoka Mwandiga, ni kama kilomita 60 hadi Manyovu, na ukivuka hapo uko Burundi: serikali nyingine, pesa nyingine, lugha nyingine, hata saa nyingine. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, niliwachukua wanangu watatu pamoja na mama mkwe wangu tukaenda Bujumbura kwa shangazi yao, dada wa mume wangu, aliyeolewa mtaa wa Buyenzi. Tangu turudi, akina mama wenzangu wa Kibirizi, ninapouza dagaa, hawaachi kuniuliza ilinigharimu kiasi gani na watoto wamepata nini cha maana. Naandika kwa ajili yao, na kwa mzazi yeyote wa huku kwetu anayeiwaza safari ya namna hii.

Nianze na sababu, kwa kuwa ndiyo iliyobeba safari yote. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka 14, alikuwa ameanza kurudi nyumbani na neno "Mrundi" mdomoni kama tusi. Mwenzake akivaa nguo iliyochanika, Mrundi. Akikosa swali darasani, Mrundi. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kutoka Burundi mara nyingi, mwaka 1972, kisha 1993, kisha 2015, na kambi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu, kwa hiyo watoto wanakua wakilisikia neno hilo kwa wakubwa, na sauti ya dharau wanaipokea pamoja nalo. Mtoto huyohuyo alikuwa anaona haya bibi yake akiongea Kiha, lugha ya Waha wa huku kwetu, mbele ya rafiki zake. Nilimkemea, baba yake akamkemea, hakubadilika. Siku moja mume wangu akasema, "Mpeleke akakae mahali ambapo mgeni ni yeye."

Pesa ya kuanzia ilitoka kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Tulilipa shilingi 150,000 kwa kila pasipoti, na tulikuwa watu 5, kwa hiyo kabla hata ya nauli, shilingi 750,000 zilikuwa zimekwisha ondoka. Ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu, ila haidumu kama pasipoti. Mimi niliona kama nawapeleka ili wazoee kutoka, basi niwape kitabu watakachokaa nacho. Kila familia ipige hesabu yake. Ninachowaomba ni kwamba msiache jambo la hati hadi watoto wafunge shule. Mwanangu wa kati alikuwa na tangazo la kizazi tu, hana cheti cha kuzaliwa, na kwenye karatasi moja jina la babu yake lilikuwa na herufi tofauti na kwenye kitambulisho cha taifa cha baba yake. Herufi moja iliturudisha nyuma wiki kadhaa. Toeni karatasi zote za nyumbani, zipangeni mezani, mlinganishe majina herufi kwa herufi kabla ya kwenda kuomba chochote.

Bibi ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko sote. Amezaliwa kijiji cha karibu na mpaka, wakati ambapo hakuna aliyemwandikia mtoto cheti. Aliulizwa maswali mengi: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa mtu wa ukoo gani, makaburi ya wazazi wake yako kijiji gani, nani yu hai anayemfahamu tangu utoto. Watu wa vijiji vya mpakani wanayajua maswali haya. Alijibu yote kwa utulivu, akaapa, mashahidi wakaja, na pasipoti ikatoka. Mkubwa wangu alikuwa amemsindikiza, akayasikia yote. Njiani kurudi aliniuliza kwa nini bibi anaulizwa kama yeye ni Mtanzania wakati amezaliwa hapa. Nilimweleza kwamba watu wa pande zote mbili za mpaka huu wanafanana, wanaelewana kwa lugha, wameoana tangu zamani, na mstari ulikuja watu wakiwa tayari wapo. Hakusema kitu, lakini nilimwona anafikiri. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunawaacha watoto nyumbani tukienda kushughulikia hati. Nendeni nao. Safari ya mwanangu ilianzia kwenye lile benchi la kusubiri.

Kuhusu chanjo: Burundi wanataka kadi ya njano, yaani uthibitisho wa chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Usichanje leo ukategemea kuvuka kesho. Faraja yake ni kwamba siku hizi chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo zitunzeni kadi hizo pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Baba alibaki na kazi, nikamwomba aandike barua ya ridhaa kwamba anajua watoto wanasafiri na mama yao, na nakala ya kitambulisho chake nikaiambatisha. Ni karatasi moja tu, haina gharama, na inakuondolea wasiwasi.

Usiku wa kuamkia safari niligawa kazi. Mkubwa abebe mfuko wa hati zote na awe anazihesabu kila tunapopanda na kushuka. Wa kati, msichana wa miaka 11, awe na daftari la pesa: kila senti inayotoka aiandike. Mdogo, wa miaka 7, nilimwambia kazi yake ni kumshika bibi mkono, asimwachie popote. Shangazi zao wengine walinilaumu kwamba nawabebesha watoto mizigo ya watu wazima. Mimi nasema mtoto asiye na kazi safarini anakuwa mzigo yeye mwenyewe, anaboreka, analia njaa kila saa, na akirudi anakumbuka soda tu. Hawa wangu walikumbuka mambo mengine kabisa.

Tuliondoka na mchomoko, gari dogo la abiria, alfajiri. Manyovu upande wetu tuligongewa mihuri bila shida; upande wa Burundi, pale Mugina, mkubwa aliitwa dirishani na mfuko wake. Afisa alimsemesha Kifaransa, kisha Kirundi, na kijana wangu anayejua kujibu kila kitu akabaki kimya, macho yanamtoka. Hapo bibi akasogea na mdogo akiwa amemshika mkono. Akapiga makofi taratibu jinsi Waha wanavyosalimia wakubwa, akaanza kuongea Kiha chake. Afisa akatabasamu, akamjibu Kirundi, wakaelewana kila neno. Aliulizwa tunakwenda kwa nani, akaeleza. Akaulizwa kuhusu watoto, akawataja mmoja mmoja. Sikuwahi kumwona mama mkwe wangu amesimama wima namna ile. Nyumbani sisi ndio tunaomsemea dukani na hospitali, kwa kuwa Kiswahili chake kina lafudhi nzito. Pale yeye ndiye aliyetusemea sote. Kwa hivyo viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaotuwezesha kuingia bila viza nawashukuru, lakini kilichotufungulia mioyo ya watu kule ni Kiha cha bibi.

Kuanzia hapo hadi Bujumbura ndiye aliyekuwa kinywa chetu. Nauli alipatana yeye. Njia alionyeshwa yeye. Na kila alipozungumza, watoto walikuwa wanakaza masikio. Tulipofika Nyanza-Lac msichana alikuwa ameanza kumuuliza, "Bibi, umemwambia nini yule?" Swali hilo hakuwahi kumuuliza Kigoma.

Ipo hatari moja ambayo kila mzazi aijue mapema. Burundi magari yanapita upande wa kulia wa barabara. Mtoto aliyefundishwa kwetu kutazama kulia kwanza anapovuka anaweza kuingia barabarani mbele ya gari linalotoka kushoto. Tulifanya zoezi hili Mugina kabla ya kupanda gari, na tena kila tulipovuka barabara Bujumbura: kushoto kwanza, kulia, kushoto tena. Hatari ya pili ni ufukweni. Viboko wa Bujumbura hutoka majini jioni wakaja nchi kavu kula majani, na mamba wapo pia. Wenyeji watakwambia wapi pa kukaa na saa ya kuondoka. Wasikilizeni, hata kama watoto wamezaliwa pwani ya ziwa hilohilo na wanajiona wanaogelea kuliko samaki.

Njia ya kutoka Nyanza-Lac kupitia Rumonge inaambatana na ziwa mkono wa kushoto, michikichi kwa wingi, wanawake wanauza mawese kando ya barabara. Mdogo alisema tumerudi Kigoma. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Shuleni wameliimba hilo, lakini kuliona ndiko kulikomkaa mtoto. Samaki tuliyepikiwa kwa shangazi anaitwa mukeke, naye ni mgebuka wetu, na dagaa zao ni hizihizi ninazoanika mimi Kibirizi. Wakati maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yakafunika nyumba za kwetu, yalifunika pia za Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura. Shangazi alipotueleza jinsi watu walivyohama na magodoro kichwani, watoto walitoa na habari zao za kwetu, na mazungumzo yakawa ya watu wenye shida moja.

Suala la saa lilimshika msichana kuliko lilivyonishika mimi. Burundi iko saa moja nyuma yetu. Kigoma, jua linazama mwezi Desemba ikiwa karibu saa moja usiku. Bujumbura, iliyo kaskazini tu ya hapa kwetu, linazama baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Akaniuliza, jua la huku linawahi? Tukakaa na mjomba wake, mume wa shangazi, akachora ramani chini kwa kijiti. Jua ni lilelile na linazama karibu wakati uleule; tofauti ni kwamba Tanzania nzima tunafuata saa moja, na sisi tulio magharibi kabisa tunaiishi saa inayowafaa zaidi watu wa Dar es Salaam. Mtoto wa darasa la tano akaelewa siku hiyo kwamba saa ni makubaliano ya watu. Ningelipa mwalimu wa ziada kiasi gani kumfundisha hivyo?

Pesa nayo ilimfundisha. Kule kuna bei ya benki na bei ya mtaani, na tofauti ni kubwa sana. Watakuja watu wengi mpakani na mabunda ya faranga mkononi. Nilibadilisha kiasi kidogo cha nauli na chakula, na hata hicho kilinipunja, kwa kuwa mtu alihesabu haraka mbele yangu na bunda lilikuwa pungufu. Msichana ndiye aliyegundua tukiwa ndani ya gari, alipokuwa anahesabu aandike kwenye daftari. Hasara hiyo aliiandika kwenye mstari wake wenyewe. Ushauri wangu ni huu: badilisha kwenye duka lenye kibali, hesabu mwenyewe noti moja moja kabla ya kutoa shilingi zako, na mtu akikuharakisha mrudishie pesa zake uondoke. Mtoto akiwa pembeni anatazama, ahesabu na yeye.

Jambo ambalo watoto walilitamani zaidi ni kwenda Gitega, makao makuu ya nchi, kuona wapiga ngoma. Ngoma hizo za kifalme ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, na shangazi alikuwa amewaahidi kwa simu tangu Oktoba. Hatukwenda. Petroli haikupatikana. Foleni za magari zilizunguka vituo vya mafuta, madereva wamelala ndani ya magari, wengine wamesukuma gari kwa mkono kulisogeza hatua chache. Nauli zilipanda, na usafiri wa mbali ukawa wa kubahatisha. Mdogo alilia. Mkubwa alinuna siku nzima. Halafu jioni moja alitoka na mjomba wake kumpelekea chakula jirani aliyekuwa kwenye foleni, akakaa huko hadi usiku. Aliporudi aliniambia yule jirani ni mwalimu, na kwamba watu kwenye foleni wanawekeana nafasi, wanalindiana magari, wanagawana chai. "Mama, hawagombani." Alilisema kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mzazi usijaribu kuwaficha watoto hali ngumu ya mahali unapowapeleka. Waeleze kwa upole, uwaache waone watu wanavyoishi ndani yake.

Badala ya Gitega tulikwenda Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, kwenye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Mkubwa wangu alikuwa amepelekwa na shule kwenye makumbusho ya Ujiji, anajua kwamba walikutana kule. Kijana mmoja pale jiweni akasema hapana, walikutana hapa. Mabishano yakaanza. Niliwaacha. Kisha wakakaa chini wakahesabu: Stanley mwenyewe aliandika kuwa alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba, kwa hiyo tarehe ya jiweni ni siku 15 baadaye. Walikuwa wamepanda mtumbwi pamoja kwenda kuchunguza kaskazini mwa ziwa. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile, wakakuta unaingia. Kijana wa pale akacheka, akampa mkono mwanangu, wakaanza kuulizana habari za timu za mpira. Nilifurahi kwamba mwanangu alishinda hoja bila kumdharau mwenzake. Miezi michache nyuma angemalizia kwa lile neno.

Lakini kilichofanya kazi yote ni mama mmoja jirani wa shangazi. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi, Kiswahili kinasikika kila kibaraza, watu wengi wana ndugu Ujiji, kwa hiyo watoto walijisikia nyumbani. Mama huyo alikuja kutusalimia, akasikia tunatoka Kigoma, akakaa. Alikulia kambi ya Mtabila, Kasulu, ile iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Aliingia pale akiwa amebebwa mgongoni, akatoka akiwa na watoto wake mwenyewe. Alitaja soko la Kasulu, akauliza bei ya maharage siku hizi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Akasimulia walivyokuwa wakienda kuuza kuni na kulima kibarua kwenye mashamba ya vijijini, wengine wakiwalipa vizuri na kuwapa chakula, wengine wakiwafukuza bila kuwalipa. Kisha akamgeukia mkubwa wangu, akamuuliza bila ukali wowote, "Mwanangu, siku hizi huko mnatusemaje?"

Kijana alitazama chini. Mimi sikumsaidia kujibu, na sijutii. Kimya kilikuwa kirefu. Mwishoni akasema, "Shuleni tunawasema vibaya, mama. Samahani." Yule mama akamvuta, akamkumbatia kwa desturi yao ya kukumbatiana, akamwambia hata huku watoto wanawasema waliorudi kutoka Tanzania, wanawaita wageni kwa kuwa Kirundi chao kina Kiswahili ndani. Walizungumza hadi giza. Kila nikikumbuka nashukuru kwamba baba yao aliniambia nimpeleke.

Nirudi kwenye gharama, maana wenzangu wa Kibirizi wanataka namba. Pasipoti ndizo zilizokula zaidi. Malazi hayakutugharimu kwa kuwa tulikuwa kwa ndugu. Usiyekuwa na ndugu ongeza nyumba ya wageni, na uliza mapema kama wanapokea familia kwenye chumba kimoja. Chakula tulichangia kwa kupeleka mchele na dagaa, kwa sababu kwenda kwa watu wenye uhaba ukiwa mikono mitupu si uungwana. Nauli ya kurudi iwe imetengwa kwenye bahasha ambayo haiguswi, na uiongezee, kwa sababu mafuta yakikosekana bei unayoikuta si ile uliyoijia. Wekeni pia akiba ya dawa za mtoto, neti, na nakala za hati zote ndani ya begi tofauti na hati zenyewe. Daftari la msichana lipo, atakayetaka kuliona aje, kila kitu kimeandikwa hadi karanga.

Watoto hawajageuka malaika. Mdogo bado anabishia maji ya kuoga, na mkubwa bado anachelewa kuamka. Lakini shule ilipofunguliwa, mwalimu wake alinipigia kuniuliza imekuwaje, kwa sababu darasani kuna mvulana ambaye wazazi wake wana asili ya Burundi, wenzake walikuwa wanamzomea, na mwanangu akasimama akawaambia waache. Kisha akamsemesha Kirundi kidogo alichoshika, amahoro na murakoze na maneno mengine machache, kwa matamshi aliyorekebishwa na bibi jioni baada ya jioni. Sasa mvulana huyo anakuja kwetu Jumamosi. Bibi anakaa nao kibarazani na kuwasimulia hadithi kwa Kiha, na wakikwama anarudia.

Gitega bado wanaidai. Pasipoti zipo, kadi za njano zipo, na kikoba tumeanza kuchangia tena tangu Januari. Shangazi ametuahidi kututaarifu hali ya mafuta itakapotulia. Safari hii baba yao amesema anakuja, na yeye pia ameanza kutafuta karatasi zake.